Aliomba maji, wakaandika hajui asemalo

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 54, naishi Makorora hapa Tanga mjini na nauza vitenge. Kwetu tumezaliwa watatu: dada yetu mkubwa, kaka, kisha mimi kitinda mimba. Kwa asili ni watu wa Tongoni, kijiji cha pwani kusini mwa mji. Tumelelewa na bibi, na nyumbani kwa bibi kilisemwa Kimtang'ata, lahaja ya Kiswahili ya pwani ile. Kiswahili cha vitabu tulikikuta darasani. Dada aliondoka mwaka 1996 kwenda Marekani. Amekaa miaka yote jimbo la Georgia akiwahudumia wazee majumbani mwao, kazi ya kuinua watu na kuwaogesha. Aliolewa huko, akaachika, akabaki na binti mmoja ambaye sasa ana miaka 27. Dada mwenyewe ana 62.

Miezi mitano iliyopita alianguka jikoni alfajiri. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, mdomo ukaenda upande, na maneno yakampotea.

Siku ya pili mwanangu (huyu binti wa dada nami ni mama yake mdogo, kwa hiyo ni mwanangu) alinipigia kwa video nimwone mgonjwa. Kwetu ilikuwa saa tatu usiku, kwao mchana. Dada alikuwa ameegemezwa mito, macho yake yamenitulia. Akafungua mdomo kwa taabu akasema, "Kiu." Akapumzika. "Kiu. Kiu." Nikasema, jamani, mbona hamumpi maji? Mwanangu akanitazama kama sijui ninalosema. Akaniambia tangu jana mama anarudia herufi moja tu. Kumbe kwa Kiingereza kuna herufi Q, na wao huitamka vile vile kama kiu yetu. Nesi alishaandika kwenye karatasi kwamba mgonjwa anarudia herufi, amechanganyikiwa, hajui alipo. Siku mbili dada yangu anaomba maji!

Baada ya wiki tatu akaja mtaalamu wa usemi na kitabu cha picha. Mwanangu alinirekodia kidogo. Anaonyeshwa mkate uliosokotwa kama fundo, dada anasema "andazi". Yule mtaalamu anatikisa kichwa, anaandika. Anaonyeshwa mnyama mwenye mkia bapa kama mwiko, dada anasema "panya". Anaandika tena. Mwisho wa yote majibu yakasema lugha yake imeharibika kwa kiwango kikubwa sana. Lakini mimi nikimpigia ananiambia "hujambo", anahesabu mpaka kumi, na Alhamdu anaisoma yote bila kukwama. Sasa lugha imeharibika vipi?

Vipindi vya mazoezi alivyopewa vimekwisha na bima haitaki kuongeza. Kaka yetu hapa amekuja juu. Anasema yeye ndiye mjomba, tiketi atakata, dada arudi Tongoni kwenye nyumba ya bibi akae na watu wanaomwelewa. Mwanangu analia kwenye simu, anasema tukimchukua mama yake tutamuua kwa sababu huku hakuna wataalamu. Na ameniambia neno ambalo halinitoki: "Mama mdogo, huku sisi weusi ndivyo tunavyofanyiwa. Nilimwambia daktari mara tatu kwamba mama anaongea lugha yake, hakuna aliyenisikiliza." Kaka anasema hilo la weusi ni visingizio, tatizo ni lugha tu.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Mwanangu alikuja Tanga akiwa na miaka sita. Alikuwa anajitahidi Kiswahili. Siku moja alikosea neno mbele ya wageni, nikamcheka, na wageni wakacheka. Tangu siku ile hakusema tena Kiswahili mpaka wakaondoka. Nadhani nisingemcheka, mama yake angepata maji siku ile ile.

Tumrudishe dada au tumwache? Na je, ni kweli haya yametokea kwa sababu ya rangi yake?

Mdogo Mtu, Tanga.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole sana wewe, pole kwa mgonjwa, na pole kwa huyo mwanao ambaye amebeba mzigo huu peke yake ng'ambo ya bahari. Barua yako imekaa nami siku kadhaa. Ninachokiona ni mafundo matatu yaliyokazwa pamoja. Dada yako amepimwa kwa namna isiyomfikia. Nyinyi ndugu mmegawanyika juu ya wapi akae. Na wewe unajihukumu kwa kicheko cha miaka zaidi ya ishirini iliyopita. Nitayashika yote, ingawa si kwa mpangilio huo.

Nianze na ile kiu, maana najua ndiyo inayokuamsha usiku. Mgonjwa wa kiharusi mara nyingi hazuiwi maji kwa ukatili. Koo nalo huweza kupooza, na maji yakaingia mapafuni badala ya kushuka tumboni, akaugua homa ya mapafu. Ndiyo maana hospitali hupima kwanza kumeza kabla ya kumruhusu mtu anywe. Kwa hiyo hata wangeelewa neno lake, huenda siku ile wangemlowesha midomo tu. Sikuambii haya ili uwasamehe haraka. Mtu aliyenyimwa maji kwa sababu ya usalama wake alistahili angalau kuelezwa sababu, kwa lugha anayoisikia, na asiandikwe kwamba amechanganyikiwa. Hilo ndilo kosa, nalo ni kubwa. Ila lile la kwamba kicheko chako kilimkosesha dada maji, naomba uliweke chini kwanza. Nitalirudia.

Hali ya dada yako madaktari huiita afasia. Takriban mtu mmoja kati ya watatu wanaopata kiharusi huipata, hasa kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, ambao ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia. Akili ya mtu inabaki. Anajua watu wake, anajua anachotaka, anajua akidharauliwa. Kinachokatika ni njia ya kutoka kwenye wazo kwenda kwenye neno. Sasa umeniuliza, mbona Alhamdu anaisoma? Vitu tulivyovikariri tangu utotoni, hesabu za moja mpaka kumi, siku za juma, salamu, dua, nyimbo, mara nyingi hubaki hata pale mtu asipoweza kuomba kijiko. Ni habari njema, na ni mlango wa kuanzia mazoezi. Lakini haitoshi kusema Kiswahili chake kimebaki kizima na kilichokufa ni Kiingereza. Kwa watu wenye lugha zaidi ya moja, kinachotokea zaidi ni lugha zote kuumia na zote kurudi kwa pamoja polepole. Wengine hurudiwa kwanza na lugha ya mama. Wengine na ile waliyoitumia zaidi karibuni, na dada yako ameishi kwa Kiingereza karibu miaka thelathini. Wewe umemsikia akisema andazi. Mwanao huenda amemsikia akisema mambo kwa Kiingereza ambayo hukuyasikia. Mkalinganishe mlivyosikia kabla ya kubishana.

Nije kwenye neno la mwanao kuhusu weusi. Kaka yako analiita kisingizio. Ningemwomba alisikilize upya. Marekani watu weusi hupata kiharusi cha kwanza kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya weupe, na hukipata wakiwa na umri mdogo zaidi. Georgia imo katika kundi la majimbo ya kusini mashariki ambayo kwa miongo mingi yanaitwa ukanda wa kiharusi. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ambayo hufaa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze. Tafiti za huko zimeonyesha mara kwa mara kwamba wagonjwa weusi huipata kwa uchache kuliko weupe. Damu yao haina kasoro ya kuzaliwa. Presha isiyotibiwa, sukari, kazi ngumu, bima hafifu, foleni ndefu na kutosikilizwa hujumlishana. Mwanao alisema mara tatu na hakusikilizwa. Yeye ameishi ndani ya jambo hilo, sisi tumelisikia kwa simu.

Na kipimo chenyewe. Kwa jinsi ulivyoeleza ule mkate na yule mnyama, yaelekea alipimwa kwa picha za Boston, kipimo cha kutaja vitu chenye michoro 60 kilichotolewa mwaka 1983 na kinachotumika hadi leo. Mnyama yule ni wa mito ya nchi za baridi. Kuna nyumba ya barafu humo pia. Mtu wa Tongoni aliyesema "andazi" alipoona unga uliosokotwa na kuokwa amefanya kazi kubwa ya akili: ameona, ametafuta, amekuta jirani ya karibu zaidi, na amelitoa neno kinywani. Kwenye karatasi ni sifuri. Hata Wamarekani weusi ambao hawajaugua hupata alama za chini kwenye kipimo hicho, na wataalamu wenyewe wamelaumu picha zake. Moja ni kitanzi cha kunyongea, na anayeonyeshwa huweza kuwa mjukuu wa watu walionyongwa mitini kwa sababu ya rangi yao. Tena tafiti nyingi za kutibu afasia hazisemi kabisa walioshiriki walikuwa watu wa rangi au asili gani. Kwa hiyo yule mtaalamu wa dada yako, hata kama ana moyo mwema, ameshika rula iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Ni rangi, basi, au ni lugha? Kwa dada yako sioni pa kupitisha kisu katikati. Mzungu mgeni asiyejua Kiingereza naye angepata shida. Sina hakika kama familia yake ingehitaji kusema mara tatu.

Lakini, mdogo wangu, tusijipake mafuta. Hata hapa kwetu yapo. Mzee wa milimani Lushoto ambaye lugha yake ni Kisambaa tu, akishuka hospitali kubwa atapimwa kwa Kiswahili, na akishindwa ataandikwa hawezi kusema. Wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno, na wengi wako miji mikubwa. Wala kiharusi si cha Marekani peke yake: utafiti uliofanywa kati ya 2003 na 2006 ulikuta Dar es Salaam wagonjwa wapya wanaofikia 316 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Hai kule Kilimanjaro 109, hesabu ikiwa imesawazishwa kwa umri. Dar ilizidi nchi nyingi tajiri. Kaka yako akisema nyumbani kuna watu wanaomwelewa, ni kweli. Mwanao akisema nyumbani hakuna wataalamu, ni kweli pia. Kila mmoja ameshika ukweli wake kama fimbo.

Tuutazame uamuzi wa kurudi kwa utulivu. Angepata maneno kuanzia alfajiri mpaka usiku, majirani wanaopita na kusalimu, watoto wa kumsomea hesabu. Ni dawa ambayo huko haiuzwi. Lakini kiharusi cha pili hakipigi hodi, na kutoka Tongoni mpaka penye kipimo cha kupiga picha ubongo ni safari. Dawa za presha anazotumia zipo hapa? Nani atamnyoosha mkono kila siku? Daktari wake ameruhusu safari ndefu ya ndege? Bima yake ya kule, je, itamlipia chochote akiwa hapa? Na karatasi zake za ukaazi: mwenye kibali cha kudumu akikaa nje zaidi ya mwaka bila ruhusa maalumu huweza kukipoteza. Tiketi ya kwenda kaka ataikata. Ya kurudi, ikibidi, huenda isinunulike kwa pesa. Tena tungekuwa tumemtenga na mtoto wake pekee.

Kubaki nako kuna hatari zake. Akibaki katika ukimya ule ule, mtu mzima anayejua kila kitu na kutendewa kama asiyejua, anaweza kukata tamaa na kuacha kujaribu. Nimewaona watu wa hivyo.

Kati ya hizo mbili pana uwanja mpana ambao bado hamjaukanyaga. Mwanao aombe kwa maandishi, si kwa mdomo, kwamba mama yake apimwe upya akiwa na mkalimani wa Kiswahili. Marekani kuna Sheria ya Haki za Kiraia ya mwaka 1964, ikaongezewa nguvu na sheria ya afya ya 2010: hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inatakiwa kumpatia mgonjwa asiyekimudu Kiingereza mkalimani bila malipo. Watasema zamani alikuwa anakijua. Jibu ni kwamba sasa hakimudu, na ndio ugonjwa wenyewe. Aombe pia lile neno "amechanganyikiwa" liwekewe maelezo kwenye faili, kwa sababu daktari mpya akilisoma atamtazama mgonjwa kupitia neno hilo. Na bima ikikataa, upo utaratibu wa kukata rufaa; mtaalamu akiandika kwamba kipimo cha kwanza kilifanywa kwa lugha isiyofaa, rufaa inapata mguu wa kusimamia.

Msikubali pia kuambiwa muda umepita. Mwaka 2017 Wajerumani walitoa matokeo ya wagonjwa 156 ambao kiharusi chao kilikuwa kimepita miezi sita au zaidi. Waliofanya mazoezi ya kuzungumza saa 10 au zaidi kwa wiki, kwa wiki tatu, waliongea vizuri zaidi kuliko walivyokuwa. Dada yako ana miezi mitano tu.

Wewe uliye Makorora una kazi pia. Nenda Tongoni na simu yako, upige picha kama arobaini: upawa, kifumbu, kawa, kinu, jamvi, ngalawa iliyopandishwa mchangani, kaburi la bibi. Piga na mbuzi ya kukunia nazi. Hii ya mwisho hasa, kwa sababu dada akiiona atasema "mbuzi", na mkalimani ambaye hakulelewa pwani huenda akaandika kwamba mgonjwa amekiona kigoda akataja mnyama. Andika majina yote, kwa Kiswahili na kwa Kimtang'ata, umtumie mwanao ampelekee mtaalamu. Kisha mpigie dada kila siku saa ile ile, nusu saa. Sema kifupi, jambo moja kwa wakati. Ukiuliza, subiri; hesabu kimyakimya mpaka kumi kabla ya kumsaidia. Akisema "kijiko" akimaanisha upawa, na umeelewa, endelea na mazungumzo. Mwanao awepo kwenye simu hizo, naye atajifunza maneno pamoja na mama yake.

Hapo ndipo narudia kicheko chako. Mtoto wa miaka sita aliaibika, hilo lilitokea na linauma. Lakini miaka iliyofuata aliishi katika nchi ambayo kila kitu kilimsukuma kwenye Kiingereza, na mama aliyekuwa kazini mchana na usiku. Hukuifunga lugha ile peke yako. Kama unaona una deni, kamlipe mwenyewe: mwambie, "Mwanangu, nilikucheka siku ile, nilikosea." Huenda hakumbuki. Huenda anakumbuka mpaka rangi ya gauni alilovaa.

Limebaki jambo moja, na nimelisubirisha makusudi. Katika barua yako nzima nimesoma anachotaka kaka, anachotaka mwanao, na unachokiogopa wewe. Dada yako hajaulizwa. Anaweza kuulizwa. Pigeni picha mbili za aina moja, nyumba ya Tongoni na nyumba ya Georgia, zote mbili mchana, zote mbili na mtu mlangoni, ili picha moja isimshawishi kuliko nyingine. Aonyeshwe asubuhi akiwa hajachoka, anyooshe kidole cha mkono wa kushoto. Siku tatu baadaye aulizwe tena, picha zikiwa zimebadilishwa pande. Jibu likiwa lile lile mara mbili, mtakuwa na la kuzungumza nyote wanne. Likibadilika, huenda naye hajaamua, kama nyinyi.

Na anayeuliza awe binti yake, kwa Kiswahili. Mfundishe wewe swali hilo kwenye simu: "Mama, unataka kukaa wapi?" Atakosea kutamka. Safari hii mwache amalize.